Jozi Moja

Picha hii iliokolewa na ndoo.
Nyamwamba ulipoingia nyumbani bila hodi
mama alinyakua alichoweza: redio, hati ya kiwanja,
na bahasha hii. Akavitia kwenye ndoo, akapanda navyo mlimani.
Matope yalikuwa yamekwisha kuonja pembe ya juu, kushoto.
Kuna mtu pale ambaye sasa ni magoti na miguu tu.

Nyuma, kwa kalamu ya risasi:
Kilembe, 1958. Zamu ya usiku.
Basi. Majina hayakuandikwa.
Nani kati yao alidhani atasahauliwa?

Ni kumi na mmoja, pamoja na magoti.
Kofia za mgodini zimepangwa chini kama maboga.
Babu Thembo ni wa tatu; nimemjua kwa masikio,
kwani ninayo mimi.

Miaka mingi niliisoma hivi: walipendana.
Tazama walivyobanana, bega juu ya bega,
Mkonzo na Mlugbara, Mtoro na Mnyarwanda,
hakuna pengo hata la kupitisha kisu.
Niliiandikia insha darasa la sita,
mwalimu akanipa kumi na nane kwa ishirini
na alama ya mshangao.

Juzi nikampelekea mzee Adriko,
aliyebaki peke yake katika nyumba za kampuni,
kifua chake kinapiga mluzi kama birika.
Akaishika mbali, akaishika karibu, akacheka
mpaka nikamtafutia maji.

"Tulibanana kwa sababu ya Ratilal!
Kamera yake ilikuwa na jicho dogo.
Alipiga kelele: Sogeeni! Sogeeni!
Atakayebaki nje harudishiwi pesa yake.
Huyu na huyu hawakusalimiana tangu Pasaka.
Na babu yako alikuwa ananidai shilingi nne,
ndiyo maana, ona, nimemgeuzia shingo."

Kweli. Shingo imegeuka.
Mimi siku zote nilidhani anatazama milima.

Nikaanza kuirudisha bahashani,
na insha yangu, na kumi na nane zangu.
Akanizuia. Akaweka ukucha juu ya karatasi,
ukucha wenye weusi ambao sabuni ya miaka sitini haikuutoa.
"Viatu hukuviona?"

Sikuwa nimeviona. Nani hutazama miguu
mahali penye nyuso?
Mguu wa kulia wa babu: kiatu cheusi,
kimepigwa rangi, kamba imefungwa mara mbili.
Wa kushoto umejificha nyuma ya muundi wa Adriko.
Mguu wa kushoto wa Adriko: kiatu kile kile, kamba ile ile.
Wa kulia umejificha nyuma ya babu.

"Vya nani?"
"Vya duka. Tulikuwa bado tunalipa.
Mimi vilinibana, yeye vilimpwaya.
Jumapili vyake, akienda kanisani.
Jumamosi vyangu, nikienda nilikokwenda."
"Na zile shilingi nne?"
"Nusu yangu. Nilikuwa nimezinywa."

Akanyamaza. Birika likapiga mluzi.
Nikamwona akizisogeza ndala zake chini ya kiti,
moja mbele, moja nyuma.

Sikumuuliza kama deni lilikwisha.
Babu nilimkuta mzee wa kutembea peku,
na sanduku lake lilipofunguliwa baada ya matanga
mlikuwa na kopo la rangi ya viatu, jeusi, limekauka,
nasi tukashangaa, tukalitupa.

Nimebaki na yule wa pembeni.
Matope yalimla mpaka kiunoni,
lakini miguu ipo: mitupu, yote miwili,
imeoshwa, imewekwa sambamba mbele ya jicho la kamera.
Hakuificha nyuma ya mtu.

"Na huyu, mzee?"
Adriko akaiinua hadi dirishani.
Akaitazama muda mrefu kuliko wote.
"Huyo," akasema, "huyo simkumbuki."